Mikro ya gita: ya zamani au ya kisasa? Mwongozo kwa korali zetu



Swali hili linatufikia mara kwa mara kutoka kwa korali za makusanyiko yetu: tukiwa na fedha kidogo, je, tutie mikro mpya kwenye gita letu la zamani, tununue gita la kisasa, au tubaki na lile tulilo nalo? Sisi wa idara ya muziki hapa Bengamisa, kwenye barabara ya Kisangani kwenda Buta, tulilijibu vibaya mara ya kwanza. Kosa letu tutalieleza hapa chini bila kuficha, maana lilitugharimu fedha ya sadaka na karibu litugharimu moyo wa mzee mmoja. Kwanza tueleze kitu chenyewe, ili kila korali iweze kuamua kwa kujua.

Tuelewane pia kuhusu neno. Kwetu Kongo watu wanaita mikro vitu viwili: kile anachoshika mhubiri mbele ya mdomo, na kile kilichofungwa chini ya nyuzi za gita la umeme. Katika makala hii mhubiri anashika maikrofoni. Mikro ni ile ya gita, ambayo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaiita pikapu.

Mikro inafanya kazi gani

Mikro ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Waya huo uliozungushwa mara maelfu ndio bobini, neno ambalo kila mwenye pikipiki analijua. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya bobini inabadilika, na badiliko hilo linazaa umeme mdogo sana ndani ya waya. Umeme huo unapita kwenye vifungo vya sauti, unafuata kebo hadi kwenye ampli, na ampli inaukuza mpaka bafle itoe sauti.

Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, miaka mia moja kabla ya gita la umeme. Faraday alikuwa mwanasayansi mkubwa na tena mzee wa kanisa dogo la Kiprotestanti mjini London, jambo ambalo vijana wetu wa shule wanafaa kulijua.

Kutokana na kanuni hiyo tunaelewa mambo mawili. Kwanza, mikro ya namna hii haisikii nyuzi za nailoni, kwa sababu nailoni haivuti sumaku. Pili, bobini haichagui. Inapokea mtikiso wa uzi, lakini inapokea pia nguvu ya sumaku inayotoka kwenye transfoma, jenereta, taa na chaja za simu zilizo karibu. Huo ndio mvumo tunaousikia gita likinyamaza.

Sauti ya mikro inaamuliwa hasa na aina ya sumaku, idadi ya mizunguko ya waya, unene wa waya, na kama bobini ni moja au mbili. Mizunguko ikiongezeka, sauti inapata nguvu lakini inapoteza ule mwanga wake wa juu. Ikipungua, sauti inakuwa nyepesi na safi. Karibu tofauti zote kati ya mikro za zamani na za kisasa zinatoka hapo.

Historia kwa ufupi

Gita la kwanza la umeme lenye mikro ya sumaku lililouzwa sokoni lilitoka Marekani. George Beauchamp alitengeneza la mfano mwaka 1931, na Adolph Rickenbacker akashirikiana naye kulitoa kiwandani. Hati ya ugunduzi ilitolewa mwaka 1937. Kampuni ya Gibson ilitoa gita lake la ES-150 mwaka 1936, kisha mikro iitwayo P-90 mwaka 1946. Leo Fender alifuata na Telecaster, iliyopata jina hilo mwaka 1951, na Stratocaster mwaka 1954. Zote hizo zilikuwa mikro za bobini moja, na zote zilikuwa na mvumo.

Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, alipata dawa ya mvumo. Aliweka bobini mbili bega kwa bega, akazigeuza: sumaku ya moja inaelekea juu upande wa kaskazini na ya pili upande wa kusini, na waya zake zimeunganishwa kinyume. Mvumo unaingia katika bobini zote mbili kwa namna moja, kwa hiyo zikiunganishwa kinyume unajifuta. Lakini sauti ya uzi inageuzwa mara mbili, mara moja na sumaku na mara moja na waya, kwa hiyo haijifuti, inajumlishana. Mikro hiyo inaitwa hambaka. Zile za kwanza, zilizotoka kiwandani kuanzia 1957, zilibandikwa karatasi ndogo ya kueleza kwamba hati ya ugunduzi imeombwa. Hati yenyewe ilitolewa mwaka 1959.

Gita la umeme halikuchelewa kufika kwetu. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gita, alikuja Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kuongoza studio ya kurekodi iitwayo CEFA, na wanahistoria wa muziki wetu wanamtaja kuwa ndiye aliyelileta. Mwaka 1956 bendi ya OK Jazz ya Franco Luambo ilizaliwa. Kwa hiyo ile sauti ambayo Wakongo wengi wanaiona kuwa ndiyo sauti ya gita ilijengwa katika miaka ya mikro za zamani: safi, nyepesi, kila noti imesimama peke yake. Korali zetu zimerithi mgawanyo uleule wa solo, misolo, akompa na besi, ingawa maneno tunayoimba ni mengine.

Baada ya hapo zikaja mikro za kisasa. Mwaka 1972 Larry DiMarzio alianza kuuza Super Distortion, mikro ya kubadilishia yenye nguvu nyingi. Mwaka 1976 zilianzishwa kampuni ya Seymour Duncan na ile ambayo baadaye iliitwa EMG, iliyofanya mikro za batri zijulikane duniani kote. Mwaka 2014 kampuni ya Fishman ilitoa mikro za Fluence, ambazo hazina waya wa kuzungushwa kabisa. Bobini zake zimechapwa kwenye mabamba membamba yaliyopangwa moja juu ya jingine.

Mikro za zamani

Mikro ya zamani ya Fender ina mizunguko 8,000 hivi ya waya wenye unene wa milimita 0.063. Ukiipima kwa multimeta inatoa karibu kiloohmu 6. Hambaka ya kwanza ya Gibson ina karibu mizunguko 5,000 katika kila bobini, na inatoa kiloohmu 7 hadi 8 au zaidi kidogo. Sumaku zake ni za alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma.

Wema wake ni huu. Kwa kuwa nguvu yake ni ndogo, inamfuata mpigaji. Ukigusa uzi polepole inanong'ona, ukiupiga kwa nguvu inaitika. Noti za kodi hazishikamani. Kwa akompa na kwa misolo inayokimbia juu ya shingo ya gita, hilo ni jambo kubwa.

Udhaifu wake ni huu. Ya bobini moja ina mvumo. Nyingi, hasa hambaka za miaka ya 1950, hazikuchovywa kwenye nta, kwa hiyo waya unaweza kutikisika ndani na mikro ikaanza kupiga mluzi sauti ya ampli ikipandishwa. Tena zilizungushwa na watu waliokuwa wakiongoza waya kwa mkono, au kwa mashine zisizosimama zenyewe idadi ikitimia. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kutofautiana. Hii ndiyo sababu mtu mmoja anasifu mikro ya zamani na mwingine anailaumu, na wote wawili wanasema kweli.

Mikro za kisasa

Tunaweza kuzigawa katika makundi matatu.

La kwanza ni mikro zenye nguvu nyingi. Zina mizunguko mingi, na mara nyingi sumaku za seramiki, ambazo ni za bei nafuu kuliko alniko. Kiloohmu 13 au zaidi si ajabu. Zinasukuma ampli mpaka sauti ikwaruze, na hilo ndilo lengo la wapigaji wa roki. Kwa nyimbo zetu mara nyingi ni nguvu isiyohitajika, maana kodi ya akompa inakuwa nzito na maneno ya waimbaji yanafunikwa.

La pili ni mikro tulivu zenye umbo la bobini moja. Kwa nje zinafanana na zile za Fender, lakini ndani kuna bobini mbili, moja juu ya nyingine au pembeni mwa nyingine, na ya pili inafuta mvumo. Zinakaribia sauti ya zamani bila kelele yake.

La tatu ni mikro za batri. Zina bobini zenye mizunguko michache pamoja na kikuza sauti kidogo ndani yake, kinachotumia batri ya volti 9. Zina utulivu mkubwa, na kebo ndefu haizipotezei sauti. Lakini batri ikichoka katikati ya ibada, sauti inaanza kukatika na kukwaruza, halafu inazimika. Kebo ikiachwa imechomekwa usiku kucha, batri inaendelea kuliwa. Kwetu Bengamisa batri nzuri ya volti 9 inatafutwa Kisangani. Kusanyiko linalochagua mikro hizi lichague pia mtu wa kuchomoa kebo kila mara, na liweke batri ya akiba.

Neno "ya zamani" kwenye boksi

Ndugu, msidanganyike na maandishi. Mikro nyingi zinazouzwa leo kwa jina la zamani zimetengenezwa juzi kwa kufuata vipimo vya miaka ya 1950. Hilo si kosa, na baadhi ni nzuri sana. Lakini ni kitu kipya, na bei yake iwe ya kitu kipya. Zile zilizotengenezwa kweli katika miaka hiyo zinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kwa fedha nyingi, na kwa sababu hiyo kuna wanaoghushi hata ile karatasi ndogo ya 1957. Korali haina sababu ya kununua umri. Inunue sauti na uzima wa kifaa.

Tukumbuke pia kwamba mikro moja nzuri ya kampuni kubwa inaweza kugharimu karibu sawa na gita zima la bei nafuu.

Kosa letu

Gita la zamani la kusanyiko letu tulipewa na mzee mmoja wa kanisa, aliyelitumia katika ujana wake. Lina mikro tatu za bobini moja. Kwa muda mrefu lilikuwa na mvumo mkubwa, mbaya zaidi wakati wa maombi ya utulivu. Mama mmoja aliye na masikio mazito alituambia kwamba hasikii somo likisomwa ikiwa ampli imewashwa. Tukasema: gita hili limezeeka, mikro zake zimekufa. Tukaliweka nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo. Tukachangisha, tukanunua gita la kisasa lenye hambaka mbili. Mzee hakusema neno. Jumapili zilizofuata alikaa benchi la nyuma.

Gita jipya lilipunguza mvumo, lakini mlio mwembamba kama wa nyuki ulibaki. Hapo ndipo tulipaswa kujiuliza. Hatukujiuliza mpaka jioni moja ya mazoezi, mafuta ya jenereta yalipokwisha. Tulichukua ampli ndogo inayokubali batri, tukachomeka gita jipya: kimya. Kijana mmoja akaenda kulitoa lile la zamani nyuma ya kabati. Kimya vilevile, au karibu kimya. Mikro zake zote tatu zilikuwa hai, na sauti yake katika akompa ilikuwa nzuri kuliko ya lile jipya.

Tatizo lilikuwa kwenye umeme wetu. Inveta ya paneli za jua, ile ambayo wengi wanaiita konvertisa, ilikuwa ya bei ya chini, na umeme wake haukuwa laini. Ilikaa chini ya meza, hatua moja kutoka kwa mpiga gita. Na kwenye prizi ileile ya ampli, kila Jumapili watu walikuwa wanachomeka chaja za simu, kwa sababu kanisani ndiko kulikokuwa na moto. Tulihesabu 11.

Tulisogeza inveta ukutani nyuma ya ukuta wa pili. Tulipangia chaja prizi yake na saa yake, baada ya ibada. Tulichimbia fimbo ya shaba ardhini na kuunganisha waya wa ardhi. Mvumo haukwisha wote, maana bobini moja ni bobini moja, lakini yule mama sasa anasikia somo.

Kisha tulikwenda nyumbani kwa mzee, sote sita wa korali, tukamwomba radhi. Hatukuwa na maneno mengi. Yeye alituuliza tu kama nyuzi zimebadilishwa, halafu akaomba alishike.

Jinsi ya kutafuta chanzo cha kelele kabla ya kununua chochote

Fanyeni majaribio haya kwa utaratibu, moja moja.

1. Punguzeni kifungo cha sauti cha gita hadi mwisho. Kelele ikibaki ileile, haitoki kwenye mikro. Angalieni ampli, kebo au umeme.
2. Mpigaji azunguke polepole akiwa amesimama mahali pamoja. Mvumo ukipungua akielekea upande fulani, bobini inapokea sumaku ya kifaa kilicho karibu. Tafuteni kifaa hicho, mkisogeze.
3. Mpigaji aguse nyuzi kwa kidole. Mlio ukipungua, gita linahitaji kufunikwa ndani. Bandikeni karatasi ya shaba au ya alumini kwenye shimo la mikro na vifungo, nayo iguse waya wa ardhi wa gita bila kugusa waya wa sauti.
4. Zimeni taa na chaja moja moja, huku mkisikiliza.
5. Mkiweza, tumieni ampli ya batri kwa dakika 5. Kelele ikitoweka, msilaumu gita.
6. Kwenye magita mengi ya kisasa ya umbo la Stratocaster, mikro ya katikati imegeuzwa. Wekeni kichagua sauti kwenye nafasi ya 2 au ya 4, ambapo mikro mbili zinafanya kazi pamoja kama hambaka, na mvumo unashuka bila gharama yoyote.

Makusanyiko ya mjini Kisangani yanayopata moto wa bwawa la Tshopo yana mvumo wa hezi 50 na vizidishi vyake. Yale ya jenereta yana huo pamoja na mlio wa cheche za injini. Dawa zinafanana.

Kupima kama mikro ni nzima

Chukueni multimeta, iwekeni kwenye kiloohmu, pimeni ncha mbili za waya wa mikro. Bobini moja ikitoa kati ya 5 na 8, ni nzima. Hambaka ikitoa kati ya 7 na 9, ni nzima, na za kisasa zenye nguvu zinaweza kupita hapo mbali. Kipimo kisipoonyesha kitu, waya umekatika. Kikionyesha kidogo mno, waya umegusana ndani. Mikro za batri hazipimwi hivyo, msizijaribu kwa njia hii.

Katika misitu yetu adui mkubwa wa mikro ni unyevu kuliko umri. Sumaku ya alniko inaishi muda mrefu sana kama haikupigwa, haikuchomwa moto na haikuwekwa karibu na sumaku nyingine kubwa. Lakini waya mwembamba wa shaba unashikwa na kutu ya kijani, na vibamba vya nyuzinyuzi za karatasi ngumu vinavyoshika bobini za namna ya Fender vinaweza kupinda. Jasho la mpigaji linaongeza. Futeni gita kwa kitambaa kikavu baada ya ibada, lilazeni ndani ya mfuko wake mahali pakavu, wala si chini kwenye sakafu ya udongo.

Waya ukikatika mwanzoni au mwishoni, fundi wa redio mwenye mkono mwepesi anaweza kuulehemu tena. Ukikatika katikati, bobini yote inazungushwa upya. Fundi wa mota za umeme anajua kanuni, lakini waya wake ni mnene mno kwa kazi hii.

Mikro inayopiga mluzi inachovywa kwenye nta iliyoyeyushwa: sehemu 4 za parafini kwa sehemu 1 ya nta ya nyuki, ambayo warina asali wetu wanayo. Chombo cha nta kikae ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe kisikae juu ya moto wenyewe, kwa sababu parafini inawaka. Joto lisipite sana digrii 65, la sivyo plastiki inapinda.

Jambo jingine lisilo na gharama ni kimo. Mikro ikikaa karibu mno na nyuzi, sumaku inazivuta, na gita linaonekana halikubali kutyuniwa. Anzeni na nafasi ya milimita 2 hadi 3 uzi ukiwa umebanwa mwisho wa shingo, kisha sikilizeni.

Usalama wa mpigaji

Hili tunaliandika kwa uzito. Katika magita mengi, ya zamani na ya kisasa, nyuzi zimeunganishwa na waya wa ardhi kupitia kebo na ampli. Kama ampli au prizi ina hitilafu, mpigaji anayeshika nyuzi na kugusa maikrofoni kwa midomo anaweza kupigwa na umeme kutoka mkononi hadi kichwani. Mwaka 1972 mpiga gita wa Scotland, Leslie Harvey, alikufa hivyo jukwaani mjini Swansea aliposhika maikrofoni iliyokuwa na hitilafu ya waya wa ardhi.

Ampli ya gita na meza ya maikrofoni zichomekwe kwenye prizi moja. Waya wa ardhi usikatwe kamwe kwa ajili ya kupunguza mvumo. Kabla ya ibada pimeni kwa multimeta, upande wa volti za umeme wa nyumbani, kati ya nyuzi na chuma cha maikrofoni. Mkikuta volti nyingi, au mpigaji akihisi mwasho kwenye vidole, zimeni yote. Wimbo unaweza kuimbwa bila gita.

Kuchagua kwa kufuata kazi

Kwa akompa na misolo: bobini moja ya nguvu ndogo, ya zamani au mpya ya namna ya zamani. Kama umeme wenu una kelele isiyoponyeka, chukueni mikro tulivu.

Kwa solo: bobini moja au hambaka ya nguvu ndogo. Hambaka inafaa hasa pale ambapo mpigaji anasimama karibu na mitambo.

Kwa besi: tafuteni mikro iliyogawanywa vipande viwili, kama ile ambayo Fender aliiweka kwenye Precision Bass tangu 1957. Nayo inafuta mvumo, na ni imara.

Kwa gita kavu lenye nyuzi za nailoni: hapo mikro ya sumaku haifai. Inatakiwa ile ya piezo, inayopokea mtetemo wa mbao chini ya daraja la nyuzi.

Kama tayari mna gita linalopima vizuri, fedha ya kwanza iende kwenye kebo nzuri, waya wa ardhi na umeme safi. Ya pili iende kwenye nyuzi mpya. Mikro iwe ya tatu.

Mikro iliyotengenezwa Kongo

Asiwepo wa kusema kwamba ufundi huu ni wa wengine. Mawangu Mingiedi, mpiga likembe wa Kinshasa aliyefariki mwaka 2015, alitaka likembe yake isikike juu ya kelele za mji. Kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari makuukuu aliunda mikro zake mwenyewe. Kundi lake, Konono N°1, lilijulikana duniani kwa albamu ya Congotronics ya mwaka 2004. Muziki wake si nyimbo zetu za ibada, lakini kanuni aliyotumia ni ileile ya Faraday, na mikono ilikuwa ya Mkongo.

Zaburi ya 150 inaviita vyombo vingi kumsifu Mungu, na haiulizi umri wa chombo hata kimoja. Paulo naye, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho sura ya 14, anajali kitu kingine: kwamba sauti ieleweke. Hicho ndicho kipimo tunachowaachia. Mikro inayoacha neno lisikike na wimbo ueleweke ndiyo njema, iwe ya 1957 au ya mwaka huu.

Katika kusanyiko letu magita yote mawili sasa yanapigwa. Jipya liko kwenye solo. La zamani liko kwenye akompa, na Jumapili moja moja mzee mwenyewe ndiye anayelipiga.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.